Jicho la Pili la Emama Askale

—Eyo, uko wapi?

—Mgahawani, kona ya kwenu. Vipi, wazee wamekubaliwa?

—Wako njiani wanarudi. Emama amewafukuza.

Eyoel akakitua kikombe chake cha kahawa ya makiato taratibu, kama vile kikombe ndicho kilichopata habari mbaya.

—Amewafukuza, au amewaambia warudi wiki ijayo? Maana mara ya kwanza kila mtu huambiwa arudi, Tsige. Ni kawaida.

—Amewafukuza. Na picha yako ameigeuzia ukutani. Anasema umemchora shetani.

Simu ikakatika. Kijana akabaki anakitazama kioo cha simu kana kwamba shetani mwenyewe angetokea pale atoe ufafanuzi.

Picha hiyo, kwa taarifa yako, ilikuwa zawadi. Eyoel alikuwa na miaka ishirini na sita, kazi yake kupima watu macho katika duka moja la miwani hapo Addis, na kwa miezi mitatu alikuwa amejiingiza katika kuchora sura za watu kwenye tableti, kwa kalamu yake ile isiyo na wino. Mwalimu wake alikuwa video za mtandaoni. Nywele aliziweza. Ngozi aliiweza. Hata pindo la tarizi kwenye shela jeupe alilichora mpaka ukatamani kulifua. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni jicho la pili. La kwanza lilitoka safi. Akiongeza la pili, mtu anaharibika: la kushoto linakutazama wewe, la kulia linasubiri basi.

Mpima macho anashindwa na jicho. Wenzake dukani walimcheka mpaka wakachoka.

Basi akatafuta ujanja. Akaanza kuchora kila mtu kwa upande. Jicho moja, tundu moja la pua, kazi imekwisha. Tsigereda, mchumba wake, alipomtumia picha ya Emama Askale, bibi aliyemlea, Eyoel akamchora bibi huyo naye kwa upande kwa jioni kumi, akaichapisha, akaitia fremu, akawakabidhi wazee watatu waliokwenda kumposea Jumapili ile. Alitaka kumlainisha bibi.

Jioni Tsige akampigia tena, sauti ikiwa imeshuka lakini hasira iko palepale. Akamweleza pole pole, kama anavyoelezwa mtoto wa chekechea. Baba yake Emama Askale alikuwa mchora picha za kanisani. Emama amekua akimsagia baba yake rangi. Na kanisani, tangu enzi na enzi, watakatifu wote huchorwa uso mzima, macho mawili makubwa yanakutazama. Anayechorwa kwa upande, jicho moja, ni nani?

Eyoel akafumba macho. Alikuwa amesimama chini ya picha zile tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Akamwona Yuda mezani. Akamwona askari mwenye upanga. Akamwona shetani na mkia wake. Wote kwa upande.

—Mungu wangu, akasema. Lakini Tsige, mimi sikukusudia. Ni lile jicho la pili tu, halinikubali.

—Najua hukukusudia. Na mimi je? Umenichora mara kumi na nne. Kumi na nne, Eyo, na zote natazama ukutani. Hivi umewahi kunitazama usoni hata siku moja?

—Nakutazama kila siku.

—Basi nichore nikikutazama.

Tsige akammalizia yaliyobaki: baada ya Pasaka wanakuja wazee wa kijana mwingine, mtoto wa mwenye duka la saruji, na Emama ameshasema hao atawasikiliza. Jumatatu ya wiki ijayo mfungo mkubwa unaingia, na ukishaingia hapana posa wala harusi. Imebaki Jumapili moja tu. Na yeye Tsige, kwa mapenzi yote aliyonayo, hataolewa bila baraka ya mama huyo.

Kabla hajalala, ukaingia ujumbe wa Gashe Tirfe, kiongozi wa wale wazee, mtumishi mstaafu wa posta mwenye maneno mengi:

"Mwanangu, nimesuluhisha mashamba, nimesuluhisha talaka tatu. Sijawahi kufukuzwa kwa ajili ya picha. Jumapili tunarudi, ila safari hii usitupe kitu cha kubeba."

Jumatatu Eyoel akaanza upya. Jumanne akagundua njia ya mkato, na hapo akaruka kitini kwa furaha: unalichora jicho moja, unalinakili, unaligeuza, unalibandika upande wa pili. Macho mawili yamekaa sawasawa kama vifungo vya shati. Akamtumia Tsige huku anacheka peke yake.

Jibu likaja baada ya saa nzima.

"Nimemwonyesha. Kaitazama mara moja tu. Kasema: hilo ni jicho lilelile moja, amelivalisha mara mbili."

Eyoel akausoma ujumbe ule mara tatu. Bibi wa miaka sabini na nane, hajawahi kushika tableti, amemkamata kama polisi wa getini.

Akaja kuelewa Alhamisi, kazini, akimpima mteja. Huwa anaandika umbali kutoka puani hadi katikati ya jicho: kushoto milimita thelathini na moja, kulia thelathini na tatu. Mteja aliyefuata, thelathini na mbili, thelathini. Mkono ukasimama. Miaka minne anaandika namba hizi, na ni mara chache mno amewahi kukuta mbili zinazofanana. Hakuna mtu duniani mwenye jicho moja lililovalishwa mara mbili. Akamwomba mteja radhi, akatoka nje, akapiga simu huku anatembea huku na huku kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

—Tsige, siwezi kumchora kutoka kwenye picha. Lazima nikae mbele yake. Anitazame.

—Wewe umerukwa na akili. Mposaji haingii nyumba ya watu kabla hajakubaliwa.

—Muulize tu.

—Atanipiga na kandambili.

—Muulize ukiwa mbali.

Ijumaa ukaingia ujumbe mfupi: "Kasema uje Jumapili na wazee. Na hicho kidude chako."

Jumapili hiyo mji mzima ulikuwa unanukia nyama, watu wakiiaga kabla ya mfungo. Wazee watatu wakaingia kwa Emama, Eyoel akiwafuata na tableti yake; wazee wakasimama kando ya ukuta, wakakataa viti, kwa maana anayeposa hakai mpaka ajibiwe. Emama Askale alikuwa kwenye kigoda chake karibu na jiko la kahawa, shela limemfunika mabega. Tsige alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Vidole vyake vya miguu tu ndivyo vilivyoonekana.

—Kaa hapo mbele, Emama akamwambia Eyoel. Karibu zaidi. Nimesema karibu. Sasa nitazame.

Akamtazama. Jasho likamtoka.

—Unaogopa?

—Naogopa, Emama.

—Vizuri. Chora hivyohivyo.

Mistari akaifuta na kuichora upya mpaka duru ya kwanza ya kahawa ikaisha. Ya pili, mkono ukatulia. Paji la uso likaja, kisha jicho la kushoto. Halafu akainua kichwa kulitazama la kulia, na kalamu ikakwama hewani. Kope la jicho lile lilikuwa limelegea. Limeshuka kidogo tu, ila ukishaliona huwezi kuacha kuliona. Kwenye picha aliyotumiwa na Tsige ulegevu huo haukuonekana kabisa.

Gashe Tirfe, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kulia, akainama begani kwake, akanong'ona:

—Linyooshe hilo, mwanangu. Utatuua.

Eyoel akaliweka kope mahali pa sawa. Sura ikawa nzuri, na haikuwa ya mtu yeyote. Akalifuta. Akamtazama tena yule mama, naye akamtazama, hakupepesa. Akalichora lilivyo, limeshuka.

Duru ya tatu ya kahawa, ile ya baraka, ikamiminwa. Emama akanyoosha mkono, akapewa tableti. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

—Hili la kulia, akasema. Umelionaje?

—Limelegea, Emama.

—Tangu wiki niliyomzika mama yake Tsige. Wapiga picha wote hulinyoosha. Wanadhani wananipamba. Akaupitisha mkono kwenye kioo, picha ikakua ghafla mpaka akashtuka, akairudisha ilivyokuwa kwa heshima. Mjukuu wangu naye ana kasoro zake, akaendelea. Akikasirika hununa siku nne. Hayo umeyaona?

—Wiki hii nimeyaona yote, Emama.

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Emama akamkazia macho yote mawili mpaka kikohozi kikapona. Kisha akaiweka tableti mapajani, uso juu, akawageukia.

—Wazee, kaeni. Harusi, baada ya Pasaka, tukiisha kula...

Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia, virefu, mpaka majirani wakavipokea ukutani upande wa pili. Gashe Tirfe akaanguka kwenye kiti kama gunia. Eyoel akasimama, akakaa, akasimama tena, hajui mikono yake aiweke wapi.

—Mwoneni huyo wa nyuma ya pazia, Emama akasema, akijifuta lile jicho la kulia kwa ncha ya shela. Hakuningoja hata nimalize.