Aliyeitika Kisimani

Salmin aliporudi nyumbani alasiri ile alimkuta bintiye, Aaliya, amesukwa. Kichwa kizima, twende kilioni, mistari myembamba iliyonyooka.

"Nani kakusuka, mwanangu?"

"Mama."

Kulthum, mkewe, alikuwa na miezi sita kaburini. Wiki ile ndiyo kwanza Salmin alikuwa amerudi dukani kwake Malindi kupika haluwa, na asubuhi hiyo mteja mmoja alimtania hata akacheka, mara ya kwanza tangu matanga. Akajiambia, mtoto wa miaka saba aachwe na uongo wake.

Akapita kwa Bi Mwanaidi, jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto mchana.

"Shikamoo, bibi. Ahsante kwa kumsuka Aaliya."

"Marahaba. Nimsuke kwa vidole gani, mwanangu? Hivi vilivyopindwa na baridi yabisi?"

Kesho yake Salmin alikuta chungu cha mchuzi jikoni, bado chatokota. Nyumba ilinukia asumini, na chini ya asumini palikuwa na harufu nyingine, ya matope ya kisima. Akamwita Bi Mwanaidi, naye aliuonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hauna chumvi," alinong'ona. "Hata chembe. Salmin, binadamu hapiki hivi. Wasiokula chumvi ni hawa wenzetu wasioonekana."

Aaliya alikuwa ameshamaliza sahani mbili.

Ijumaa, baada ya sala, akaja Maalim Alamin, mtu aliyesifika kwa kusomea wenye mashetani. Mbele ya Salmin na Bi Mwanaidi akamkalisha mtoto mkekani, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Hazikupita aya nyingi Aaliya akaanguka chali, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke mzima, tena mpole.

"Mwanifukuza kwa kosa gani?"

"Umeingia nyumba ya watu," alisema Maalim.

"Niliitwa. Siku ya maziko nyote mlikuwa mwalia ukumbini, na huyu alikuwa peke yake kisimani, aita mama, mama, mpaka sauti ikamkauka. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwitikia. Nikaitika mimi."

Salmin alikumbuka. Alikumbuka kuisikia sauti ile ya mtoto kutoka uani, na kukumbuka alivyojifunika uso kwa kilemba ili asiisikie.

"Toka!" Maalim alipaaza sauti.

"Nitatoka. Lakini sitoki mikono mitupu."

Maalim akazidi kusoma, kwa kasi, jasho likimchuruzika ndevuni, na kadiri alivyosoma ndivyo kifua cha Aaliya kilivyopanda kwa shida na kushuka kwa shida zaidi, midomo ikageuka rangi ya majivu, vidole vikakakamaa, hata kikafika kitambo ambapo kifua kilishuka na hakikupanda tena, na Salmin, aliyekwisha kumfukia mmoja, akaruka akamziba Maalim kinywa kwa kiganja.

"Basi! Basi, Maalim, nakuomba!"

Mtoto akavuta pumzi.

Maalim akakusanya vitu vyake taratibu. Mlangoni alisema, bila kumtazama, "Mimi nilikuja kumtoa. Wewe umemwambia akae. Nikirudi hatanisikia tena."

Bi Mwanaidi akatoka nyuma yake, akafunga mlango wa kwake kwa komeo.

Salmin alibaki amempakata bintiye hadi jua likashuka. Aaliya alipozinduka hakuuliza lolote. Alikwenda jikoni akicheka, na Salmin akasikia nazi ikikunwa juu ya mbuzi, kwaru, kwaru, na mtoto akisimulia habari za chuoni, akinyamaza kidogo kila mara kama anayejibiwa. Miezi sita hakuwa amesimulia neno kwa mtu.

Baadaye akaja kusimama mbele ya babake.

"Baba, mama asema usilale tena ukumbini. Ameshatandika kitanda."

Salmin alimtazama usoni, akaona amenawiri. Akainuka, akaenda chumbani.