Mgonjwa Aliyefunika Uso kwa Kitenge

Ninauza karanga mbele ya kituo kimoja cha afya katika mtaa wa Naviundu. Humo wanatibu watu walioshikwa na pombe. Mume wangu Ruphin alikuwa anatibiwa hapo. Huo ulikuwa mwezi wa pili hajagusa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Lakini kikohozi kilikuwa hakimwachi. Wiki tatu! Na mtoto wetu Keren, wa mwaka mmoja, alikuwa analala katikati yetu.

Kituo kikaleta huduma mpya: kupima kifua kikuu. Vifaa vilifika, tukasali, tukapiga makofi. Kesho yake Ruphin akaenda kupimwa. Guelor, mlinzi wa mlango, akapaza sauti:

— Balevi ba kifua, mustari wenu ni ule!

Wateja wangu wote wakageuka kumtazama mume wangu. Ruphin akarudi nyumbani.

— Mama Keren, miye sirudi tena kule, akasema. Afazali nikohoe.

Hasira ikanipanda. Nikaacha karanga, nikaingia hadi kwa Mama Marie-Thérèse, mkubwa wa kituo.

— Mama, mulinzi wa mulango wenu anafukuza bantu! Mutoto wangu akipata kifua, nitamulilia nani?

Hakunikaripia. Aliuliza tu:

— Alisema je?

Nikamrudia maneno yale yote.

Asubuhi iliyofuata akaja mwanamke amejifunika kitenge hadi machoni, anakohoa. Guelor akampigia kelele ileile. Mapokezi wakamtuma maabara. Maabara wakamrudisha mapokezi kutafuta karatasi. Karatasi imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo hayupo. Saa mbili nzima! Kisha mwanamke akarudi mlangoni, mbele yetu sote, akaondoa kitenge.

Aka! Mama Marie-Thérèse mwenyewe! Guelor akashika kichwa.

— Vifaa biko tayari, Mama akawaambia wafanyakazi. Siye njo hatuko tayari.

Akasimamisha huduma wiki moja. Wote wakafundishwa, hata mlinzi na mfagiaji. Muuguzi Léa akachaguliwa kumpokea kila mgonjwa na kumsindikiza hadi amalize vipimo. Nami, Mama akanieleza:

— Kikohozi cha wiki mbili, mutu apimwe. Makohozi anatoa inje, kwenye hewa, ndani ya kikopo. Na siri yake haitoki hapa.

Nikamsimulia Ruphin. Hakuamini.

— Mukubwa alipanga mustari? Sawa na siye balevi?

— Sawa na weye.

Akatafuta viatu vyake.

Mlangoni, Guelor akasimama na kuvua kofia.

— Karibu, baba, akasema polepole. Nikamwona Léa tayari anakuja kumpokea.

Walimkuta na kifua kikuu kweli. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Keren alipimwa, hakuwa mgonjwa, akapewa dawa ya kumkinga. Leo anakimbia na kuniibia karanga.

Guelor sasa anasalimu kila mtu kwa heshima. Anasema hajui nani yuko chini ya kitenge. Nami, Mama Marie-Thérèse akipita, ninasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Miguu inasimama yenyewe.