Tangazo la Macho kwenye Tableti ya Mama

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ni kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama. Ya pili ni kuokota pini kwa sumaku, na ya tatu ni kukemewa. "Wewe Upepo, tulia!" mama husema, maana hilo ndilo jina alilonipa nilipoanza kutembea. Sikatai. Nikikaa dakika mbili tu, miguu inaniwasha.

Lakini wiki ile hata mama aliona nimezidi. Nilikuwa nazunguka duka zima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mteja akishika tableti tu, mimi nami nipo begani kwake nikichungulia.

Tableti ile ilikuwa ya kazi. Mteja akija, mama humfungulia tovuti ya mishono, achague kola, mikono na mifuko, ndipo apimwe. Mimi nilikatazwa kuigusa bila ruhusa. Nami, tusidanganyane, nilikuwa nimeigusa.

Sababu ni hii. Ubaoni nilikuwa naona ukungu. Nilianza kwa kukodoa macho, nikahamia kunakili kwa mwenzangu wa dawati moja, na siku aliponifunikia daftari lake kwa mkono nikajua mambo yameharibika. Kumwambia mama sikutaka. Mimi ndiye mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, na nilishajiaminisha kwamba siku nitakayovaa miwani ndiyo siku nitakayowekwa benchi. Kwa hiyo mama alipotoka kwenda kununua nyuzi, nikachukua tableti na kutafuta: macho kufifia, dawa ya macho bila miwani, kupona macho haraka.

Kila tovuti niliyofungua ilileta kisanduku chenye maneno mengi kuhusu vitu vinavyoitwa vidakuzi, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani: "Kubali vyote." Nani ana muda wa kusoma maneno yote hayo? Nilibonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Nilipomaliza nilifuta historia yote ya kutafuta, nikairudisha tableti mezani na kujiona mjanja.

Ujanja gani! Kesho yake mama alifungua tovuti ya mishono, na pembeni mwa magauni kukatokea jicho kubwa jekundu. "Macho yako yanafifia? Usisubiri giza!" Bahati mama alikuwa anatafuta mkasi. Nikafuta historia tena, jicho likarudi. Nikazima tableti na kuiwasha, likarudi tena, safari hii na mzee aliyevaa miwani minene akinichekea. Tangu saa hiyo sikupata raha, si dukani, si darasani.

Alhamisi akaja muuguzi mkuu wa zahanati. Huyu alikuwa ameleta kazi kubwa kuliko zote ambazo mama alipata kuzifanya: sare arobaini za wauguzi. Mama aliihangaikia kazi ile kwa miezi, na alishasema ikitoka vizuri ataweza kuajiri fundi wa pili, apumzishe mgongo. Majora mawili ya kitambaa cheupe aliyoyaleta yalikuwa yamesimama kando ya mlango, yakisubiri kukatwa.

Muuguzi mkuu alipewa tableti achague mifuko. Nilimwona akisita. Akaitazama tableti, akamtazama mama, ambaye alikuwa ameinamia kola ya sampuli, pua inakaribia kugusa kitambaa kama kawaida yake. Akaitazama tableti tena. Kisha akaiweka chini polepole.

"Fundi," alisema, "usikate kwanza. Nitakujulisha."

"Kuna tatizo, mama?" mama yangu akamuuliza.

"Hapana, hapana. Nitakujulisha tu."

Alipoondoka, mama alibaki amesimama, futi ikining'inia shingoni. "Nimemkosea nini yule mama?" aliuliza, na sikujua kama ananiuliza mimi au anaiuliza cherehani. Aliifumua kola ya sampuli, akaishona upya, akaifumua tena. Mwishowe akaiinua juu, mimi nikiwa mlangoni. "Hebu angalia kwa macho yako ya kitoto. Mshono umekwenda upande?"

Nilichoona ni kitu cheupe kisicho na mwanzo wala mwisho. "Umenyooka, mama," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe.

Jumamosi asubuhi muuguzi mkuu alirudi na kijana wa mkokoteni. Hakukaa. "Fundi, nimekuja kuchukua majora. Nimeona nimpe fundi mwingine hii kazi."

Mama alishika ukingo wa meza. "Kama kuna kosa, niambie nilirekebishe. Nitashona sampuli nyingine leo leo."

"Si kosa, ndugu yangu. Ni mambo ya afya. Sipendi kukuongezea mzigo."

"Afya ya nani?"

Muuguzi mkuu alitazama sakafu. Kijana wa mkokoteni alishaanza kuinua jora la kwanza. Nilipomwona mama anafunga midomo asilie mbele ya mteja, sikuweza tena kunyamaza.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Macho ni yangu! Mama anaona vizuri! Mimi ndiye niliyetafuta, mimi ndiye nisiyeona ubaoni!"

Kijana aliliweka jora chini. Nilisema yote bila kupumua: ubao, daftari la mwenzangu, netiboli, kitufe cha kijani, jicho jekundu. Nilipofika kwenye kola nikaanza kulia, maana hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Muuguzi mkuu alinishika bega na kunigeuzia barabarani. "Nisomee kibao cha duka lile la ng'ambo."

"Kipi?"

"Kile kikubwa, chekundu."

"Naona... wekundu," nikasema.

Mama alikaa kitini taratibu.

"Lo, nisamehe, fundi," muuguzi mkuu alisema. "Nilipoona matangazo ya macho yanafuatana kwenye tableti yako, na wewe umeinama vile, nikajijibu mwenyewe badala ya kukuuliza. Ila bado sielewi. Mimi nilikuwa naangalia sare. Haya mambo ya macho yalifikaje pale?"

Mama alimwita mjomba, mdogo wake, anayetengeneza simu kibanda cha pili. Alikuja na bisibisi sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, kitambaa cha mteja unakiwekea alama ya chaki ya nini?"

"Ili nikikishika tena nijue ni cha nani na kazi imefikia wapi."

"Basi kidakuzi ni alama ya namna hiyo. Tovuti inaacha kijifaili kidogo kwenye kifaa chako, ukirudi inakitambua. Ndiyo maana tovuti ya mishono inakumbuka ulichochagua jana. Hicho hakina neno. Shida ni alama za wageni. Kampuni moja ya matangazo inakuwa imejibanza kwenye tovuti ya macho, na hiyo hiyo iko kwenye tovuti ya mishono. Kule inaweka alama, huku inaisoma. Haijui nani ameshika tableti. Inajua tableti tu."

"Lakini nilifuta historia!" nikalalamika.

"Ulifuta orodha ya kurasa ulizopita, mpwa wangu. Alama uliziacha. Njoo uzifute kwa mkono wako."

Akanielekeza: mipangilio ya kivinjari, kisha faragha, kisha vidakuzi. Kwanza nikachagua kuzuia vidakuzi vya makampuni mengine. Nilipokwenda kubonyeza "Futa" akanidaka mkono. "Ngoja! Tukifuta vyote, tovuti ya mishono itamsahau mama yako, itabidi aingie upya. Dada, nywila unayo?"

Mama alifungua droo ya cherehani. Nywila ilikuwa imeandikwa ndani, kwa wino, herufi kubwa kubwa.

"Dada jamani!" Mjomba alishika kichwa. "Mwizi akija si atakuachia na barua ya shukrani!" Hata muuguzi mkuu alicheka.

Nikafuta. Tulipoifungua tena tovuti ya mishono, kile kisanduku kikaja, na kidole changu kikakimbilia kijani kwa mazoea.

"Eeh! Soma," mjomba akasema.

Chini, kwa maandishi madogo ya kijivu, palikuwa na kitufe kingine: "Kataa visivyo vya lazima." Nilikibonyeza. Tovuti ikafunguka vilevile, na pembeni pakatokea tangazo la ndoo za plastiki. Mjomba alisema matangazo yataendelea kuwepo, ila hili halikujua lolote kuhusu mimi.

Muuguzi mkuu alimwambia kijana arudishe jora mahali pake. "Kata kitambaa, fundi. Kola ile sijaona nyingine kama hiyo. Na wewe, hizo dawa za macho zinazouzwa mtandaoni usithubutu kuzitia machoni. Macho hupimwa. Mfungaji asiyeliona goli anafunga nini?" Kusema kweli, wiki mbili nzima nilikuwa nakosa mabao na kulaumu mpira.

Walipoondoka wote nilingoja kelele za mama. Hazikuja, na heri zingekuja. Alifunika cherehani, akachukua mkoba wake, akaanza kufunga duka saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Mama, tunakwenda wapi? Na zile sare?"

"Kupima macho. Sare zitasubiri." Alifunga kufuli, kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, nikauona vizuri kabisa, ulikuwa umelowa. "Kazi ingepotea, ningelia halafu ningetafuta nyingine. Nitakuambia kinachoniuma. Watu wa matangazo, wasiojua hata jina lako, walijua mwanangu haoni, na mimi ninayekupikia sikujua. Mashine usiikubalie kila inachokuomba, kwanza soma. Na ukiwa na shida, mwanangu, mimi ndiye niwe wa kwanza kujua."

"Ndiyo, mama," nikasema. Akanishika mkono kwa nguvu, tukavuka barabara.