Jipu la Karmali na Harufu ya Mbarika

"Theonest, punguza mwendo!"

"Breki hazishiki!"

"Unasemaje?!"

"Hazishiki, Auleria! Jishikilie!"

Alikuwa ameshazamisha pedali mpaka chini, na jipu ndiyo kwanza linazidi kuserereka kwenda majini. Watu waliokuwa wanasubiri pantoni upande wa Kigamboni wakatawanyika, mwenye kapu katupa kapu, mwenye kuku kaachia kuku...

Theonest akavuta handibreki. Wapi! Nayo ilikuwa imelowa mafuta, haikamati kitu. Akalazimisha gia namba moja, giaboksi ikapiga kelele, akakata kona akaingia mchangani. Magurudumu yakazama, jipu likasimama.

Maji yalikuwa hapo hapo, ungetema mate yangefika.

Auleria akajishika tumbo. Alikuwa na mimba ya mama yangu.

Eeh, huyo ndiye bibi yangu, nyie mnaosoma. Kwa hiyo msinione mwingi wa maneno humu mitandaoni, mie nilikoswakoswa na kifo kabla hata mama hajazaliwa!

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado katukalia. Babu Theonest alikuwa dereva wa Bwana Karmali, mfanyabiashara wa mbata. Kazi yake kwenda Kimbiji na kurudi, kwa jipu kuukuu lililoachwa na jeshi baada ya vita. Barabara za kule enzi hizo, jamani, tuziache tu.

Na fundi wa hilo jipu alikuwa Kamugisha.

Huyu Kamugisha hakuwa fundi tu. Yeye na Theonest wametoka wote Bukoba, na huko kwao walichanjiana. Kila mmoja alichanjwa tumboni, punje ya kahawa ikapakwa damu, huyu akala damu ya yule na yule akala ya huyu. Padri hakupenda, lakini nani alimuuliza?

Mtu mliyechanjiana naye hawezi kukudhuru. Na ukifa, yeye ndiye anayemwangalia mjane wako na watoto wako. Hapo pa mjane pashikeni vizuri.

Basi, jipu likakokotwa mpaka Buguruni, nyumbani kwao. Asubuhi Kamugisha akaja, akafungua gurudumu la nyuma lililolowa, akapitisha kidole, akakipeleka puani kama kawaida yake.

"Ni ekseli," akasema. "Sili ya kuzuia mafuta imekufa tena. Mafuta ya difu yanavuja, yanalowesha breki."

"Haya, wewe ndiye daktari," Theonest akajibu, hata hakuinama kutazama.

Kamugisha alipoingia ndani kunywa chai, Auleria akachuchumaa pale kwenye gurudumu. Akagusa. Akanusa.

Mbarika!

Mtoto gani wa enzi hizo hakubanwa pua akanyweshwa mafuta ya mbarika kusafisha tumbo? Harufu ile huwezi kuisahau. Na Kamugisha mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha siku zote: mafuta ya ekseli yananuka mayai viza, mafuta ya breki yametengenezwa kwa mbarika. Gurudumu likilowa, nusa tu, utajua linaumwa nini.

Sasa mwalimu mwenyewe anasemaje ekseli, na hapa panavuja breki?

Akamvuta mumewe pembeni.

"Baba, hiyo sio ekseli. Hebu nusa."

"Ninuse nini?"

"Gurudumu! Kamugisha anakudanganya."

Theonest akabadilika uso.

"Auleria, mie nimkague mtu niliyekula damu yake?"

"Usimkague yeye. Kagua jipu."

"Ni kitu kile kile. Na usirudie."

Mambo yakaishia hapo. Mwanamume mzima, dereva, hataki kuweka kidole kwenye gurudumu la gari analopanda kila siku... kisa undugu!

Mchana Auleria akamwona Kamugisha kainama upande wa dereva, anaongeza mafuta kwenye chombo cha breki. Makopo yake yote yalikuwa ya jeshi, rangi imebanduka, hujui lipi ni lipi. Alipoondoka, bibi akaenda kunusa lile kopo.

Akanusa tena.

Ilikuwa oili ya mashine, ile ile bibi aliyokuwa akiitia kwenye cherehani yake! Na hilo nalo Kamugisha alishawaambia kwa kinywa chake: oili ya mashine ikiingia kwenye breki, mipira ya ndani inavimba, inaoza, na breki zinakufa.

Akakimbilia kwa jirani yake, Mwamvita, akamweleza yote.

"Shoga," Mwamvita akasema taratibu, "huyo Kamugisha siye aliyetaka kukuoa kabla ya Theonest?"

"Ndiye."

"Na Theonest akifa, nani atakutunza?"

Auleria akatazama kule jipu lilipoegeshwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Mie nimemaliza."

Jamani, hebu jiwekeni kwenye nafasi yake. Mume hataki kusikia. Polisi utawaambia nini, kwamba umenusa kopo? Na kesho yake jipu linarudi Kimbiji.

Asubuhi ile Kamugisha alikuja kumkabidhi Theonest jipu, na Theonest alipotaka kupanda, bibi akasimama mbele ya jipu na tumbo lake.

"Shemeji Kamugisha, breki ni nzima?"

"Nzima kabisa, shemeji."

"Basi panda wewe. Teremka nalo mpaka bondeni Msimbazi, halafu urudi."

"Auleria!" Theonest akafoka. "Unanitia aibu!"

"Akirudi salama nitampigia magoti. Apande."

Alijua atakataa. Alikuwa ameshapanga na maneno ya kumwumbua mbele ya majirani: mwoneni muuaji, anaogopa mtego wake mwenyewe!

Kamugisha akacheka.

"Shemeji bwana, hata leo huniamini?"

Akapanda. Akawasha. Akaanza kuondoka huku anapiga mluzi.

Hapo ndipo bibi aliposhtuka. Muuaji gani anapanda mtego wake huku anapiga mluzi? Huyu mtu hajui! Wallahi hajui!

"Shemeji! Shuka! Shukaaa!"

Jipu lilikuwa linanguruma, hasikii. Likaanza mteremko. Wakaona linashika kasi, linayumba kulia, linayumba kushoto... Kisha likaacha barabara, likabiringikia mtaroni.

Wote wakakimbia, bibi na mimba yake mbele.

Walimkuta Kamugisha kakaa kwenye majani kando ya jipu, mguu umekunjika pasipokunjika, macho yameduwaa. Tangi la petroli lilikuwa limepasuka. Petroli ilikuwa inamwagika juu ya suruali yake, inatiririka mtaroni, harufu inachoma macho. Watu wakarudi nyuma huku wameziba pua.

Kamugisha akatia mkono mfukoni. Akatoa sigara, akaipachika mdomoni.

Akatoa kiberiti.

"KAMUGISHA!"

Bibi alimrukia. Akampiga kofi mkononi, kiberiti kikaruka huko, njiti zikamwagika.

"Una wazimu?! Husikii harufu ya petroli?!"

Kamugisha akamtazama. Akatazama suruali yake iliyolowa. Akaishika, akaipeleka puani, akavuta pumzi... Akaiachia.

"Sisikii, shemeji," akasema. "Tangu homa iliyonipata masika, sisikii harufu ya kitu chochote."

Ewe Mola!

Hakuwa muuaji. Alikuwa fundi aliyepoteza pua. Kila akipeleka kidole puani alikuwa anaigiza tu, ugonjwa wa gari anaukisia, kopo la mafuta analikisia.

"Mbona hukuniambia?" Theonest akapiga magoti pale pale kwenye petroli. "Mie ndugu yako! Tumekula damu!"

"Nikuambie nini? Kwamba fundi unayemtegemea ni bure? Niliona haya. Nikasema itarudi, itarudi..."

Akaanza kulia.

"Kila siku nilikuwa naomba uiname, Theonest. Unuse hata mara moja tu, unikute nimekosea, mambo yaishe. Mbona hukuinama?"



Mguu wa Kamugisha ulipona ukiwa mfupi. Alirudi gereji na mkongojo wake, na kabla hajamimina mafuta yoyote alikuwa anaita kwa sauti, mbele za watu: "Theonest, njoo uninusie hili!" Na Theonest anaacha anachofanya, anakuja, anainama. Bibi yeye alimwomba radhi, akasamehewa, lakini mpaka anazeeka hakupenda kusikia mtu akipiga mluzi.

Sasa nyie mnaosoma. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hilo mmeshalisikia. Mie nina langu: ukimpenda mtu, kagua kazi yake. Huenda mwenzio anasubiri uiname.