Leza Iliyotoweka Begani mwa Jitu

Saa tisa alasiri Sindano alifunua jitu lake la vita, kinyago cha kuchezea mezani, akajikuta ameketi bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Kilichokosekana ni leza kubwa ya begani.

Afande, mpelelezi mstaafu na mwamuzi wa mchezo wao wa vita vya mezani, alifunga mlango wa chumba cha nyuma cha duka la kushonea nguo. Ndani walikuwa wanne: yeye, Sindano mwenye duka, bibi yake, na daktari wa meno, mpinzani wa fainali. Juu ya meza ya kukatia vitambaa ulisimama mji mzima wa rola za uzi, na katikati yake jitu la mti, urefu wa shubiri moja, ambalo marehemu babu alilichonga hadi mishipa ya shingo. Afande alikuwa ameona mengi, lakini kila akilitazama alishusha sauti, kama aliyeingia chumba cha mtoto aliyelala.

Sheria za meza hiyo zilikuwa mbili. Silaha isiyoonekana mwilini haipigi. Na anayeshindwa fainali humwachia mshindi jitu lake.

"Leo babu anaondoka," Sindano alisema. "Sina hata cha kupigia."

Bibi alimpa Afande miwani kwa mkono wenye kucha laini, nyekundu. Kucha za mkono wa pili zilikuwa bado zimeparara.

"Nimeishia njiani," Bibi alisema alipoona anatazamwa.

Afande aliinama. Bega lilikuwa limekatwa kwa kisu, kisha likasuguliwa hadi likateleza.

"Daktari, hii ni kazi ya mtu aliyezoea kusugua meno."

"Usinitie kwenye mkumbo, Afande. Mimi ndiye niliyemsihi aibakize leza kubwa. Muulize."

"Kweli," Sindano alisema. "Kila nikitaja kuibadilisha kwa leza ndogo nne, ananiambia hazifiki hata kona ya pili. Kubwa inatoboa kutoka mwisho wa mji."

"Na joto?"

Daktari akaanza kuchunguza dari.

"Kubwa ikipiga mfululizo, jitu linachemka na kuzimika," Afande alisema. "Ndogo nne zina uzito uleule, joto dogo, ila lazima umsogelee adui. Ulitaka ibaki ili jitu lake lizimike. Kwa hiyo huna sababu ya kuikata."

"Nashukuru kwa kunisafisha kwa matope."

"Adui angevunja akaenda zake. Huyu amesugua, anaandaa mahali pa kubandika kitu." Afande akageuka. "Bibi, tupa yako ya kucha iko wapi?"

"Imekufa, mwanangu."

"Imefia wapi?"

"Hapo begani. Mti aliouchagua mume wangu ni mgumu kama yeye."

Sindano aliinuka. "Bibi, umekata kazi ya babu?"

"Wewe ulijua ndogo ni bora. Uliogopa kisu tu. Ukaona afadhali umpoteze babu akiwa mzima kuliko kumgusa. Mimi nimemkata yule nywele, kucha na maneno miaka yote tuliyoishi. Hawezi kuninunia kwa bega."

Akafumbua kiganja. Ndani yake zilikuwa leza ndogo nne, zimechongwa kutoka ile kubwa, na kila moja bado ilikuwa na mikwaruzo ya kisu cha babu. Sindano alizibandika begani moja moja kwa gundi.

Vita vikaanza. Likitaka kummaliza adui kabla hajasogea, jitu la daktari lilifyatua leza yake kubwa kutoka mbali, likapiga, likapiga tena, kisha likachemka na kuzimika kati ya minara ya uzi. Jitu la babu likakatiza mji wote, kifua kimetobolewa, likasimama mbele yake. Dadu zikaviringika. Leza zote nne zikapata.

Walikaa wakilitazama tu, watu wazima wanne, kama limevuka kwa miguu yake.

Mwishowe daktari akasukuma jitu lake kwa Sindano. Bibi akalizuia njiani kwa mkono wenye kucha mbaya.

"Mjukuu wangu atakurudishia, Daktari. Wewe si una tupa kazini? Niazime, na kucha hizi uzimalizie mwenyewe."

Daktari akauchukua ule mkono uliokata leza, akaugeuza kuelekea kwenye mwanga, akaanza kuukagua kwa adabu kubwa, kidole baada ya kidole.