Mgonjwa Asiye na Meno

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alimbeba mtoto wa dada yake ili dada anywe chai na kusoma kitabu cha mifupa kwa wakati mmoja. Jina la Redio alipewa na mtaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na habari ikimwingia sikioni saa mbili, saa tatu imeshamfikia muuza mkaa.

Habari moja tu aliapishwa asiitoe. Dada alikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha udaktari, na chuoni hakuna aliyejua kwamba ana mtoto. Mimba aliificha ndani ya koti jeupe pana, akajifungua wakati wa likizo, mume wake dereva wa lori akiwa safarini.

"Wakijua wataniondoa," alisema. Hakuwa ameuliza mtu. Aliyasikia kwenye korido.

Lakini mtoto hajui ratiba. Dada alikosa masomo ya vitendo mara tatu. Akikosa tena, hafanyi mtihani. Jumamosi moja, siku ya somo la vitendo, Redio alimkuta amekaa sakafuni analia kuliko mtoto. Simu ikaita. Alikuwa kiongozi wa darasa. Dada akatikisa kichwa, akamsukumia Redio simu.

"Dada anaumwa," Redio akasema.

"Pole jamani! Anaumwa nini?"

Hapo hakuwa amejiandaa. Macho yakamwangukia mtoto kitandani, akaanza kumsoma kama ubao.

"Usiku halali. Analia ovyo. Akinywa maziwa, anayarudisha."

"Anatembea?"

"Atembee wapi? Hata kukaa hawezi. Shingo yenyewe inalegea."

"Mungu wangu! Anakula?"

"Atakulaje na meno hana?"

"Mdogo wangu, wiki iliyopita dada yako alikuwa na meno yote!"

Ukiwadanganya majirani, watakuletea pole. Ukiwadanganya wanafunzi wa udaktari, watakuja wenyewe. Saa haikuisha, makoti meupe sita yakawa mlangoni, na machela, na mama mmoja mwenye miwani, mshauri nasaha wa wanafunzi. Nyuma yao, nusu ya mtaa.

"Hii ni mishipa ya fahamu," alisema mmoja.

"Acha wewe, ni sumu! Meno yote kwa wiki moja? Mimi nataka kuziona fizi."

Dada akatoka chumbani, mtoto begani. Mtoto akapiga mwayo mkubwa, akacheua maziwa, akaanza kulia. Kiongozi wa darasa akamchungulia mdomoni, kisha akawageukia wenzake.

"Dalili zote zinalingana."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Dada peke yake hakucheka.

"Mtanifukuza?" akauliza.

"Nani kakwambia?" mshauri akashangaa.

"Watu."

"Watu hao wana ofisi? Mwanangu, chuo kina likizo ya uzazi. Hata baba akiwa mwanafunzi wetu, anapewa siku zake. Utapumzika, nafasi yako itakungoja, na masomo uliyoyakosa utayamalizia na kundi linalofuata."

"Nitachelewa kuwa daktari."

"Kwa miezi sita. Mgonjwa gani atakuuliza? Na ukilemewa, njoo ofisini kwangu ulie vizuri, penye kiti. Mwaka jana vitambaa vyangu vya kufutia machozi vilimalizwa na wanaume." Akamtazama mtoto, akatikisa kichwa. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu kazaa na bado anaficha!"

Dada akacheka huku machozi yakimtoka, akaketi, akaanza kuijaza fomu ya likizo aliyoitoa mshauri mkobani. Kiongozi wa darasa akampokea mtoto. Wengine wakabishana namna ya kukunja nepi, miaka mitatu ya udaktari ikashindwa na kitambaa.

Mshauri akamvuta Redio kando.

"Najua ulitaka kumsaidia. Lakini tumekuja na machela kumtibu asiyeumwa, na aliyelemewa tusingemjua. Tatizo liseme kama lilivyo, kwa mtu anayeweza kusaidia. Ukilivisha nguo za uongo, hata mwenye dawa atapishana nalo mlangoni."

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

Dada hakuyasikia hayo. Alikuwa amelala kitini, kalamu mkononi, fomu imeshatiwa sahihi, na nyumba nzima iliyojaa watu ikawa inanong'ona ili asiamke.