Simu Iliyokataa Kurutiwa

Nayaeleza bila chumvi yaliyomkuta rafiki yangu, fundi simu. Mchana kweupe jibaba mmoja alimletea simu ya marehemu mkewe.

“Kuna sauti alirekodi siku aliyokufa. Imejificha ndani kabisa. Ifute.”

“Mpaka niiruti kwanza, bosi, yaani niifungue mpaka ndani kabisa. Bila ruhusa ya juu haifutiki.”

Lakini kila mara simu ilipouliza Ruhusu au Kataa, Kataa ilijibonyeza kabla kidole cha fundi hakijafika. Akadhani kioo kina ugonjwa, akachomoa waya wa mguso, ule unaokifanya kioo kihisi kidole. Kataa ikajibonyeza tena.

“Unanifanya bwege?” Jibaba akashusha mlango wa bati kwa kishindo. Katika giza lililoingia akamkaba fundi shingo, akambamiza uso mezani mpaka jino likaruka. “Utaifuta au nikuzike?”

“Si ubonyeze mwenyewe, basi!” fundi akatema damu.

Akarudisha waya. Simu ikauliza. Jibaba akapeleka gumba kwenye Ruhusu. Fundi akasikia ko! kama ukuni mkavu unavunjwa, kisha yowe.

Akapapasa, akapandisha mlango. Gumba la jibaba lilikuwa limepinda kinyume, na bado lilizidi kupinda taratibu, wala hakuna aliyelishika.